Mche wa Mninga Using'olewe



Tunaadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20, kiangazi kikiwa kimeanza. Tangu kambi yetu ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996, msitu wa Kasulu umetupa nguzo, kuni na uyoga. Leo mama zetu wanafuata kuni mbali, na wenyeji wanalalamika. Wana haki.

Kwa kuni tupande mijohoro, hukua haraka. Mninga sivyo. Mche wake hukauka kila kiangazi, tena kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa ardhini. Mzizi ukishapata nguvu, ndipo shina huinuka. Anayeona kijiti kikavu akaking'oa, ameua mti ulio hai.

Kwa hiyo Kamati inaomba: tusikate mninga mbichi, tusichome nyasi ovyo, na kila mche tuuwekee alama ili watoto wautambue.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku tutakayorudi kwetu Kongo, wenyeji wetu wabaki na msitu, si visiki.