Mishipa ya Damu si Mabomba

(Hotuba iliyosomwa ukumbini siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nilipoombwa nizungumze juu ya kazi yangu ya udaktari, nilikumbuka jibu nililoandika katika mtihani wa bayolojia nikiwa kidato cha tatu. Tuliulizwa mshipa wa damu ni kitu gani. Niliandika kwamba ni bomba la kupitishia damu, na mwalimu akanipa alama zote. Leo nimekuja kulisahihisha jibu lile, maana watu wanaumia kwa kuliamini.

Bomba halina uhai. Mshipa unao, na upande wake wa ndani, mahali damu inapopita, pana utando wa seli zilizopangwa bega kwa bega kama vigae. Unene wa utando huo ni seli moja tu. Wataalamu huuita endotheliamu. Umetanda ndani ya mishipa yote, tangu ateri kubwa itokayo moyoni mpaka vimishipa vyembamba ambamo chembe nyekundu hupita moja moja.

Zamani wengi walidhani kazi yake ni kama ya plasta ya ukuta, yaani kuifanya damu iteleze. Aliyewaamsha ni Robert Furchgott, mtafiti wa Brooklyn, New York, aliyekuwa akipima vipande vya ateri ya sungura. Kwa miaka mingi aliona kwamba dawa iitwayo asetilikolini ikitiwa, vipande vile hujikaza. Lilikuwa fumbo, kwa sababu dawa hiyo hiyo ikiingia katika mnyama aliye hai, mishipa hulegea. Mwaka 1978 msaidizi wake alikosea utaratibu wa jaribio, akatia dawa ya jamii hiyo kabla ya wakati wake, na kipande kikalegea. Furchgott hakulitupa jibu lile, bali alilifuatia mpaka akaona sababu. Vipande vya zamani vilipoandaliwa, upande wa ndani ulisuguliwa bila kukusudia, utando ukabanduka. Penye utando mshipa ulilegea; pasipo utando ulijikaza.

Yeye na John Zawadzki walitangaza habari hiyo mwaka 1980. Mwaka 1987 ilithibitishwa kwamba utando ule hutoa hewa iitwayo oksidi ya nitriki. Hewa hiyo hudumu sekunde chache tu, lakini hutosha kuuamuru msuli wa mshipa ulegee. Mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel. Furchgott alikuwa na umri wa miaka 82, basi wazee wenzangu tusikate tamaa. Nanyi vijana, jibu la maabara lisilolingana na kitabu msilifute kabla ya kuuliza limetoka wapi.

Utando huu una kazi nyingine pia. Huizuia damu isigande ovyo, na huchagua kipi kipite kuingia mwilini na kipi kibaki. Kwa sababu hiyo, ukiguswa na maradhi, mwili mzima hutaabika. Malaria iliyopanda kichwani, ambayo sote tunaiogopa, hutokea chembe nyekundu zenye vijidudu zinaponata kwenye utando wa vimishipa vya ubongo na kuziba njia.

Lakini adui wa watu wa rika letu huja polepole. Moshi wa sigara, shinikizo kubwa la damu, sukari iliyozidi na mafuta mabaya katika damu huudhoofisha utando mwaka baada ya mwaka. Hewa ile ya kulegeza hupungua. Mafuta hupenya chini ya utando, chembe nyeupe huyafuata, na uvimbe hujengeka ukutani. Siku uvimbe ukipasuka, damu huganda hapo hapo. Ikiwa ni katika mishipa ya moyo, sehemu ya moyo hufa. Ikiwa ni ya ubongo, ni kiharusi. Miaka yote hiyo mtu aweza asisikie maumivu yoyote.

Mwenzetu mmoja, tuliyelala naye bweni moja, ameniruhusu niseme habari yake bila kumtaja jina. Alipimwa, akakutwa na shinikizo la damu, akapewa vidonge. Baada ya miezi michache alijiona mzima, akaviacha. Tulikutana kila sikukuu, tukala na kucheka, nami niliye daktari sikumwuliza hata siku moja kama anameza dawa. Asubuhi moja mkono wake wa kulia ulikataa kushika kikombe. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa midahalo yetu. Leo maneno humtoka kwa taabu. Yumo humu ukumbini. Nilipomwuliza niwaambie nini, aliandika kwa mkono wa kushoto: "Waambie wapime."

Basi nawaambia. Kabla ya kurudi makwenu, mjue namba zenu. Shinikizo likifika 140 kwa 90 kila mara unapopimwa, hilo ni ugonjwa, hata kama unajisikia mzima. Aliyepewa dawa asiziache mpaka aseme na daktari wake. Anayevuta sigara aache. Tutembee kwa miguu, kwa maana damu inapokwenda kasi juu ya utando ule, huuchochea utoe hewa yake. Na tunapokutana, tuulizane. Mimi sikuuliza.

Vijana, mkiulizwa katika mtihani mshipa ni nini, msiandike bomba.