Kujitolea Kusikuache Mikono Mitupu

(Muziki wa kufungua. Unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Tunazungumza nanyi, wasikilizaji wetu wa Nakivale, Kyaka II, Kyangwali, Rwamwanja na popote mlipo. Leo tuko Kampala na mhandisi wa maji aliyestaafu. Tumemwomba azungumze na vijana wanaojitolea kambini, na wazazi wao pia.

MZEE: 

Mtu akiniuliza kazi yangu ilikuwa nini, namwonyesha kilima cha Muyenga. Maji ya mji huu yanavutwa kutoka Ziwa Viktoria, kule Ggaba. Yanasafishwa, kisha pampu zinayapandisha mpaka kwenye matangi ya kilimani. Kutoka hapo yanashuka yenyewe kwenda mabondeni. Lile tangi lililosimama juu ya nguzo karibu na bomba lenu linafanya kazi hiyohiyo. Wengi hudhani tangi likiwa kubwa, maji yatatoka kwa nguvu. Sivyo. Nguvu inatokana na urefu lilikowekwa. Ukubwa unakuambia tu yatatosha madumu mangapi.

Jambo hilo nililielewa nikiwa kijana wa kujitolea, kabla sijalisoma darasani. Mabonde ya Kampala yana chemchemi nyingi, na watu wengi maskini walikunywa maji hayo. Tulikuwa kikundi cha vijana chini ya fundi mmoja mzee. Tulichimba mpaka tukafikia jicho la maji, tukapanga mawe, tukafunika kwa udongo wa mfinyanzi, tukajenga ukuta wenye bomba. Upande wa juu tukachimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua yasiingie. Choo, fundi alisema, kikae mita 30 au zaidi, na kisiwe upande wa juu wa chemchemi. Kila mmoja wetu alishika pimamaji kwa mkono wake, na kila jioni fundi alimchagua mtu aeleze: mtaro huu ni wa nini? Usipojua, kesho unaanza tena na koleo. Tulimwogopa, lakini tulijua kazi.

Mahali pengine nilikojitolea baadaye tulibeba mabomba miezi mingi. Tulipewa fulana na tukapigwa picha. Mwishoni hakuna kati yetu aliyeweza kubadilisha mpira wa bomba linalovuja, maana spana zilikuwa za mafundi waliokuja na gari na kuondoka nalo. Fulana yangu haikumaliza mwaka.

Kwa hiyo, kijana, kabla hujavaa fulana, uliza kwa heshima: nitafundishwa nini, na nani atanifundisha? Ni saa ngapi kwa wiki? Na mwisho nitapewa barua? Barua inayosema wewe ni kijana mwema mwenye bidii haisaidii sana. Ile inayosema ulilaza mita 200 za bomba na kubadilisha valvu mbili, hiyo fundi mkuu ataisoma mara mbili. Weka daftari lako pia. Andika tarehe, kazi na vipimo.

Kuna mfano wa huko huko kwenu. Mwalimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Dkt. Moses Musaazi, alitengeneza pedi za hedhi kwa mafunjo na karatasi zilizokwisha kutumika, akaziita MakaPads. Wasichana wengi walikuwa wakikosa shule kwa sababu pedi za dukani ni ghali. Mafunjo yanakatwa kwenye kinamasi, yanamenywa, yanapondwa, yanachanganywa na karatasi iliyolowekwa, kisha yanaanikwa juani. Kazi hiyo ilifika Kyaka II, wakimbizi wakazitengeneza wenyewe na kulipwa, na UNHCR ikazigawa. Mimi napenda mfano huo kuliko daraja lolote kubwa, kwa sababu aliyeponda mafunjo aliijua kazi nzima tangu kinamasini mpaka kwenye pakiti.

Sasa wazazi. Pampu haichagui saa ya kuharibika. Usiku nilikuwa naitwa, na mke wangu alibaki na watoto wanne. Hakupenda kugombana, alipenda kuandika. Kila usiku niliotoka aliuwekea alama kwenye kalenda ya ukutani, na mwisho wa mwezi tukahesabu. Alama zikizidi tano, Jumamosi zote za mwezi uliofuata zilikuwa za nyumbani, na watoto walijua hesabu hiyo kuliko mimi. Kijana, mama yako akipanga foleni ya mgao peke yake na wadogo zako kwa sababu wewe uko kwenye mafunzo, naye anajitolea, ila hajapewa fulana. Kaeni chini mkubaliane siku zipi ni za kikundi na zipi ni za kuni na maji ya nyumbani.

MTANGAZAJI: Mzee, na yule ambaye hana cheti cha shule?

MZEE: Uganda imekuwa na utaratibu wa kumpima fundi kwa vitendo. Kwa miaka mingi Idara ya Mafunzo ya Viwandani, DIT, imewapima mafundi kwa kazi ya mikono yao, hata wasiosoma sana, na kuwapa hati ya ujuzi. Waulize watu wa elimu kambini upimaji unafanyika wapi sasa. Nenda na daftari lako.

MTANGAZAJI: Na aliyejitolea mwaka mzima bila hata posho?

MZEE: Kwa maoni yangu, kazi ya kila siku, yenye msimamizi na orodha ya mahudhurio, inafanana na ajira hata ikiitwa jina jingine. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Nendeni kwa msimamizi mkiwa kikundi, asiende mmoja. Mwambieni kwa upole, mpelekee na barua, na nakala moja mbaki nayo.

(Muziki wa kufunga.)