Dawa ya Deni ni Kulipa

Hotuba kwa wazee wa kanisa, akina mama wa vikundi na wanaharakati wa mageuzi wa Kericho na Bomet



Mmetuomba tuzungumze juu ya fedha za serikali na hospitali zinazowatibu watu wa kipato cha chini. Huenda mmoja wenu akauliza mawakili wana nini na mambo ya hospitali. Jibu letu ni fupi. Mgonjwa anapokosa matibabu kwa sababu hazina ya umma haikulipa ilichoahidi kulipa, hilo si jambo la daktari peke yake tena. Ni jambo la sheria, na ni jambo la siasa.

Tuanze na habari mnayoijua nyote, ya Msamaria mwema katika Injili ya Luka. Twamsifu Msamaria kwa huruma yake, nasi twafanya vyema. Lakini mara nyingi twamsahau mwenye nyumba ya wageni. Msamaria hakumwachia majeruhi bure. Alitoa dinari mbili papo hapo, akaahidi kwamba gharama yoyote itakayozidi ataifidia atakaporudi. Mwenye nyumba aliweza kumtunza yule mtu kwa kuwa alipewa kitu mkononi na akaiamini ahadi iliyobaki. Sasa tujiulize: kama Msamaria asingerudi, na kila siku njia ya Yeriko ikamletea mwenye nyumba majeruhi wengine kwa ahadi ile ile, mlango wa nyumba ile ungebaki wazi hadi lini?

Hilo ndilo swali letu leo.

Nyumba za wageni za nchi ya chai

Katika wilaya hizi zetu, mzigo wa mgonjwa maskini haukubebwa na serikali pekee. Tenwek ilianza mwaka 1937 kama zahanati ndogo ya wamisionari, ikangoja hadi mwaka 1959 kumpata daktari wake, Ernest Steury. Leo ni hospitali ya rufaa yenye vitanda zaidi ya 300, inayopasua na kufunza madaktari. Kaplong iko mikononi mwa Wakatoliki, na Litein mikononi mwa AIC. Pamoja na hizo zipo hospitali za umma za Kericho, Kapkatet na Longisa. Makampuni ya chai nayo yaliweka zahanati kwa wafanyakazi wao. Lakini mashine za kuchuma zimepunguza mikono mashambani, na mchumaji aliyepoteza kazi hupoteza na tiba iliyoambatana nayo.

Kumbukeni mgomo wa madaktari wa umma, ulioanza Desemba 2016 ukadumu siku 100. Kumbukeni mgomo wa wauguzi uliofuata mwaka 2017, karibu miezi mitano. Kumbukeni pia mgomo wa 2024, siku 56. Kila mara wodi za umma ziliponyamaza, foleni ilihamia milango ya misheni. Hospitali hizo zilifanya kazi ya dola, na haki yasema afanyaye kazi alipwe ujira wake.

Ahadi juu ya ahadi

Wazee wetu hapa wameona mengi. Mwaka 1965 serikali ya uhuru ilifuta ada ya wagonjwa wa nje katika vituo vya umma. Desemba 1989 ada zikarudi kwa jina la kuchangia gharama. Mwaka uliofuata ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa kwa sababu ya kilio cha wananchi, kisha ikarejeshwa kuanzia 1992, mwaka ule ule tuliporudi kwenye uchaguzi wa vyama vingi. Mwaka 2004 tukaambiwa tulipe shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya. Juni 2013 ada hizo nazo zikaondolewa, na kujifungua katika hospitali za umma kukawa bure.

Vyama vingi vilitupa nafasi ya kuchagua nani atuahidi. Havikutupa, vyenyewe, nguvu ya kumfanya mwahidi alipe. Nguvu hiyo hatuna budi kuitafuta katika Katiba.

Oktoba 2024 bima ya zamani, NHIF, iliondoka, ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, kwa sheria ya mwaka 2023. NHIF iliondoka ikiacha deni la takriban shilingi bilioni 30 kwa hospitali za nchi hii, za umma, za kibinafsi na za makanisa. Februari 2025 chama cha hospitali za kibinafsi za mijini na vijijini kiliwaambia wanachama wake wadai fedha taslimu kwa wagonjwa. Machi 2025 Rais alitangaza kwamba hospitali zinazodai hadi shilingi milioni 10 zitalipwa zote, na zinazodai zaidi zitasubiri madai yao yahakikiwe. Twashukuru kwa walioahidiwa kulipwa. Lakini angalieni ni nani aliyeambiwa asubiri. Si zahanati ya vitanda sita. Ni hospitali kubwa, ile inayopokea waliovunjika mifupa, wenye saratani na watoto wanaohitaji upasuaji, kwa maana haichukui muda mrefu madai yake kupita milioni 10. Aliyebeba mzigo mzito zaidi ndiye aliyewekwa mwisho wa foleni.

Hati ya shamba

Tuwaeleze jambo moja tuliloliona kwa macho yetu. Mzee mmoja wa kanisa alitujia ofisini. Mkewe alikuwa amepasuliwa, amepona, ameandikiwa ruhusa ya kwenda nyumbani. Bima haikuwa imeidhinisha malipo, na yeye hakuwa na fedha. Akaacha hospitalini hati ya shamba lake la chai, ekari moja na nusu, iwe dhamana, akaondoka na mkewe. Alitaka tumsaidie kuirudisha.

Tulikwenda tukiwa na hasira. Mhasibu wa hospitali hiyo hakubishana nasi. Alifungua daftari, akatuonyesha madai yaliyowasilishwa mwezi baada ya mwezi na nafasi tupu pale malipo yalipopaswa kuandikwa. Akasema anajua kwamba kushika hati ya mtu si haki, lakini muuza oksijeni hapokei ahadi, na wauguzi hawajala mshahara wa mwezi uliopita. Hati tuliipata, baada ya barua na maneno mengi. Hata hivyo tuliondoka tukijua kwamba tumemshitaki mwenye nyumba ya wageni, hali aliyeahidi kurudi hayupo.

Sheria yasemaje

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinasema wazi kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, Jaji Mumbi Ngugi akiamua, ilisema kwamba kuwazuilia hospitalini akina mama waliojifungua kwa sababu hawana ada ni kinyume cha Katiba. Mgonjwa si rehani.

Serikali hujibu mambo matatu. Kwanza, kwamba fedha hazipo. Kifungu cha 20 kinasema ni juu ya dola kuthibitisha kwamba fedha hazipo. Si juu ya mgonjwa kuthibitisha kwamba zipo. Nao viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, kiwango ambacho Kenya haijawahi kukifikia.

Pili, kwamba kuna hospitali zinazodai fedha kwa wagonjwa hewa. Ni kweli, na wezi hao washitakiwe. Lakini uhakiki usio na tarehe ya mwisho humwadhibu mwaminifu pamoja na mwizi, tena mwaminifu zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliye na wagonjwa wa kweli wodini.

Tatu, kwamba wananchi hawalipi michango. Hapa twasema kwa niaba ya mkulima. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Mkulima hukadiriwa mapato kwa maswali juu ya nyumba na mali yake, kisha sheria inamtaka alipe mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600. Mwenye paa la mabati na ng'ombe mmoja aweza kuonekana tajiri katika karatasi, ilhali fedha zake za maana huja mara moja, bonasi inapotoka, na bonasi ya upande wetu wa Bonde la Ufa imekuwa ndogo kuliko ya Mlima Kenya. Anayetaka mkulima alipe na aufuate msimu wa mkulima.

Tufanye nini

Hatukuja kuwaomba mfanye harambee nyingine. Tumechanga kwa moyo, na tutaendelea. Lakini yafaa tutambue tofauti kati ya sadaka na haki. Mbunge aletaye bahasha kanisani kwa ajili ya bili ya muumini mmoja, naye hakuuliza lolote bungeni juu ya deni la hospitali nzima, hajatusaidia. Ametununua kwa bei rahisi. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha michango ya wanasiasa. Sisi nasi twaweza kusema: lipeni deni kwanza.

Kwa hiyo twapendekeza hatua tatu.

Ya kwanza: kila kanisa liandike barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ulizeni SHA na serikali ya kaunti: kila hospitali iliyo karibu nasi imedai kiasi gani, imelipwa kiasi gani, na lini? Sheria inaruhusu barua iandikwe kwa Kiswahili. Kupeleka ombi hakulipiwi. Jibu lapaswa kutoka katika siku 21, na katika saa 48 pale uhai wa mtu unapohusika. Wasipojibu, Tume ya Haki ya Utawala itapokea malalamiko yenu.

Ya pili: hudhurieni vikao vya bajeti ya kaunti. Sheria nyingine ya 2023 inaziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yao wenyewe. Ulizeni Kericho, Kapkatet na Longisa kama fedha hizo zimebaki kweli, na zimenunua dawa gani.

Ya tatu: kila mgombea atakayesimama mbele yenu, wa chama chochote, aulizwe swali moja: deni la hospitali yetu litalipwa tarehe gani? Asiyetaja tarehe hajajibu.

Ndugu zetu, wahenga walisema ahadi ni deni, wakasema tena dawa ya deni ni kulipa. Mgonjwa anayeletwa usiku kwa pikipiki katika mvua ya Sotik hana dawa nyingine. Tukitoka hapa, barua ya kwanza iandikwe kabla ya Jumapili ijayo, nasi tutaitia sahihi pamoja nanyi.