TUSIPELEKE PUMBA DAR ES SALAAM

Maneno ya Katibu mbele ya wanaushirika, yameandikwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuwepo

 

Leo sikuja kusema maneno mengi. Nimekuja na jambo moja: usafirishaji wa mchele wetu kwa lori kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam. Jumamosi tutapiga kura kama chama chetu kikodi lori au tuendelee kumuuzia mlanguzi anayekuja na mizani yake mlangoni. Kabla ya kura ni lazima kila mtu aelewe anachokipigia.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Msimu uliopita mimi na wenzangu wachache tulipeleka magunia 100 ya mchele. Dalali mmoja alitutafutia lori lenye mzigo wa watu wengine. Akaniletea karatasi, akasema, "Saini hapa Katibu, nitajaza baadaye." Nikasaini. Ndugu zangu, mimi nilijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, nikiwa na ndevu, na siku ile nilijivuna kwamba najua kutia saini. Lakini kutia saini karatasi tupu si kusoma. Ni afadhali hata kidole gumba kwenye karatasi iliyojaa.

Magunia yaliyofika ni 93. Kati ya hayo, manne yalikuwa yamelowa kwa sababu turubai lilikuwa na matundu. Tulipouliza, tukaonyeshwa karatasi yenye saini yangu, imeandikwa magunia 93. Tutashtaki nini hapo?

Halafu ikaja shida ya pili. Magunia hayakuwa na alama, basi kila mmoja wetu akasema yake yamefika. Majirani wakaanza kutazamana vibaya. Mwishowe tuligawana hasara kwa kadiri ya magunia ya kila mtu. Mama mmoja wa hapa, aliyekuwa na machache kuliko sote, ile pesa yake ilikuwa ya sare na godoro la mtoto anayekwenda bweni. Sijasahau alivyoniangalia. Magunia saba ni kilo 700. Ukimpa mtu nusu kilo kwa siku, ni chakula cha nyumba ya watu saba kwa siku 200. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi habari tumeipata, mali hatukuiona.

Sasa, je, kwa sababu hiyo tuache? Mimi nasema hapana. Tujifunze kazi yenyewe.

Wazee mnakumbuka. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa miaka mingi pamba ya Usukuma ilikwenda pwani kwa treni. Wakulima wenyewe wakaunda muungano wa vyama vya Victoria mwaka 1955, na Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na vikarudi kwenye miaka ya 1980. Mimi nilikuwa mtoto wakati pamba inalala ghalani ikisubiri lori; mara hakuna dizeli, mara hakuna tairi. Lami ilikuja kuungana kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam kwenye miaka ya 2000. Kabla ya hapo lori lingeweza kukwama siku nyingi kwenye tope la mbuga za Igunga au kwenye mlima Sekenke. Leo njia ipo. Kinachotukwamisha sasa siyo tope, ni kutokujua.

Safari yenyewe ni kilomita zipatazo 1,150. Unatoka Mwanza, Shinyanga, Nzega, Igunga, unapanda Sekenke, Singida, Manyoni, Dodoma, Gairo, Morogoro, Chalinze, ndipo Dar es Salaam. Lori lenye mzigo linachukua kama siku mbili au tatu likienda salama. Njiani kuna mizani ya serikali: Usagara, Njuki ya Singida, Nala ya Dodoma, Vigwaza mkoa wa Pwani, na nyingine.

Mambo ya kushika ni haya.

Kwanza, tusipeleke pumba. Mpunga ukikobolewa vizuri, kila kilo 100 zinatoa mchele kama kilo 65. Zilizobaki ni maganda na pumba. Semitrela moja inabeba kama tani 30, yaani magunia 300 ya kilo 100. Kupata tani 30 za mchele unakoboa tani 46 za mpunga. Ukiusafirisha ule mpunga bila kukoboa, umelipa nauli ya tani 16 za pumba na maganda kwenda Dar es Salaam! Pumba ibaki hapa ile kuku na ng'ombe wetu, maganda yachome matofali. Ndiyo sababu hata viwanda vya kuchambua pamba viko huku karibu na mashamba: katika pamba ya mbegu, nyuzi ni kama theluthi moja tu ya uzito. Lakini mpunga ukauke kwanza, unyevu usizidi asilimia 14. Mchele mbichi ukifungiwa chini ya turubai siku tatu unavunda.

Pili, tujue hesabu ya nauli. Usiulize tu "lori ni bei gani?" Uliza kilo moja inasafiri kwa shilingi ngapi. Nitoe mfano, ni mfano tu: nauli ikiwa shilingi milioni 3 na mzigo ni kilo 30,000, kila kilo inalipa shilingi 100, gunia ni shilingi 10,000. Lori hilohilo likiondoka na tani 20, kila kilo inalipa shilingi 150. Nauli ni ileile, ila mimi na wewe tumepunjika kwa sababu hatukujikusanya. Hapo ndipo faida ya ushirika ilipo, si kwenye nyimbo.

Tena, malori mengi yanakuja Mwanza na bidhaa kutoka bandarini na viwandani, na wakati wa kurudi yanatafuta mzigo. Mwenye lori anayeogopa kurudi mtupu husikia bei. Lakini ukingoja siku ambayo wote wamevuna na wote wanatafuta lori, wewe ndiye utakayesikia bei yake.

Tatu, tusizidishe uzito. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo hapa kwetu ilianza kutumika Machi 2019, lori kubwa kabisa na mzigo wake lisizidi tani 56. Malori madogo kiwango chake ni chini ya hapo. Na siyo jumla tu inayopimwa. Kila ekseli inapimwa. Ekseli moja yenye tairi nne mwisho wake ni tani 10. Unaweza kuwa sawa kwa jumla, lakini makuli wamerundika magunia yote nyuma, ukakamatwa. Lori likizuiwa, mchele unalala juani na mvuani. Na hii tabia ya lumbesa tuiache. Gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa inavunja mgongo wa kuli, inavunja sheria ya vipimo, na inamnufaisha mnunuzi, maana analipia gunia moja anabeba moja na robo.

Nne, karatasi. Hati ya mzigo iandikwe namba ya gari, jina na namba ya leseni ya dereva, idadi ya magunia, uzito, mahali pa kushushia na jina la mpokeaji. Iandikwe pia nani atalipa faini ya mizani, na nani atalipia gunia likipotea au likilowa. Gari liwe na leseni ya LATRA, na tuulize kama mzigo una bima, siyo gari peke yake. Stakabadhi ya ushuru wa halmashauri isafiri na mzigo. Nakala moja ibaki kwenye kabati la chama. Na karatasi tupu isisainiwe na mtu yeyote, mimi nikiwa wa kwanza.

Tano, watu. Siku ya kupakia wawepo watatu: mmoja ahesabu, mmoja aandike, mmoja akague turubai na kamba. Kila gunia lipigwe alama ya rangi na namba ya mwenyewe. Vijana wawili wasafiri na mzigo au watangulie kuupokea. Nauli ilipwe nusu wakati wa kupakia, na nusu baada ya magunia kuhesabiwa sokoni. Na bei ya Tandale tuipate kwa simu kwa watu zaidi ya mmoja, kabla lori halijawasha moto.

Dereva na utingo wake siyo adui zetu. Wapewe chai, wapewe maji, tusiwasukume wakimbize gari usiku ili tuwahi soko. Dereva akisinzia, mchele, gari na roho za watu vinakwenda pamoja.

Kuna mtu aliniuliza kwa nini tusingoje reli mpya. Ni kweli, ujenzi wa kipande cha Mwanza mpaka Isaka ulianza 2021, na treni za abiria za Dar es Salaam mpaka Dodoma zilianza 2024. Itakapofika tutaitumia. Ila hata behewa litataka hesabu, alama na karatasi. Asiyejua kupakia lori hataweza kupakia treni.

Ndugu zangu, magunia 300 siyo ya mtu mmoja hapa. Yanatoka nyumba hii matano, nyumba ile kumi. Jumamosi saa nne asubuhi, ghalani, kila mmoja aje na idadi yake imeandikwa. Asiyejua kuandika aje mapema, nitaandika naye, kisha nitamsomea mbele ya shahidi kile nilichoandika. Yule mama niliyemtaja nimemwomba awe mmoja wa wale watatu wa kuhesabu. Amekubali. Amesema safari hii kalamu ataishika yeye.



Katibu wa Tawi, Mwamanyili