Waache Ndege wa Pwani Wale

Msikilizaji, maji yakitoka kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu, tope hujaa ndege. Vitwitwi, sululu na wenzao. Wengi ni wageni. Huzaliana kaskazini ya mbali, wengine hadi Siberia, na huja huku kukimbia baridi. Hufika kuanzia Agosti, na huondoka mnamo Aprili.

Hawaji kupunga upepo, hao. Wanakuja kula. Kaa wadogo na minyoo hukaa topeni, na hupatikana maji yakiwa yametoka tu. Yakirudi, chakula kimefungwa. Ndege mgeni lazima anenepe, maana mafuta ya mwilini ndiyo yatakayomfikisha kwao. Ukimfukuza, anapoteza saa ya kula na nguvu ya safari. Mtoto akimkimbiza kwa mchezo, mbwa akimbwekea, ni hasara ileile.

Basi, waache wale. Wewe mvuvi au mchimba chambo, pita kando ya kundi, usilikate katikati. Mbwa mfunge. Watoto waonyeshe ndege wakiwa mbali, wakae kimya, wahesabu. Mikoko usiikate: maji yakijaa, baadhi ya ndege hupumzika humo.

Ukitaka kuwaona vizuri, pale Mida kuna daraja la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko. Kiingilio chake husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji jirani. Nenda maji yanapoanza kujaa, ndege wakisogezwa karibu.

Nasema tena: maji yakitoka, waache ndege wale.