Ofisi Ndogo Ikiposwa na Kubwa

 

Ndugu zangu, mada niliyopewa ni kazi na riziki. Hiyo ni bahari, na mimi ni mwanafunzi wa sheria tu, kwa hivyo nitachota kikombe kimoja.

Chukulia wewe ni wakili. Una ofisi ya vyumba viwili hapa Mombasa, jina lako liko mlangoni, una karani mmoja aliye nawe tangu siku ya kwanza na kijana wa kupeleka faili kortini. Wateja wako ni watu wa mtaani: mirathi kwa Kadhi, talaka, shamba la Kwale lenye ugomvi, kijana aliyefutwa kazi. Siku moja inakuja simu kutoka kampuni kubwa ya mawakili. Wanataka muungane. Utajibu nini?

Najua wengine mshajibu kimoyomoyo: swali gani hilo, nenda bwana! Ngoja kwanza.

Sababu za kwenda zipo, tena nzito. Tangu 1 Julai 2020 korti za Nairobi zilipoanza kupokea kesi kwa mtandao, na Aprili 2021 mfumo wa ardhi wa Ardhisasa ulipozinduliwa hukohuko, kazi ya wakili imezidi kutaka mashine, mtandao na watu wa kuvisimamia. Ofisi kubwa inagawanya gharama hiyo kwa wengi, wewe unaibeba peke yako. Na ukiugua wiki tatu, nani atasimama mbele ya hakimu? Ukifariki je? Faili za wakili wa peke yake hubaki kama mayatima, na wateja hawajui wabishe mlango gani.

Hata wakubwa wenyewe wanatafuta wakubwa zaidi. Coulson Harney ya Nairobi ilikuwa miongoni mwa ofisi zilizochukua jina la Bowmans mwaka 2016, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini. Hamilton Harrison & Mathews, iliyoanza 1902, leo iko ndani ya Dentons. Benki na makampuni yenye kazi nchi tatu nne hupenda mlango mmoja.

Lakini ukubwa si kinga. Kule Marekani, mwaka 2007 ofisi mbili za sifa ziliungana zikawa Dewey & LeBoeuf, yenye mawakili zaidi ya 1,000. Wakubwa kadhaa waliahidiwa mapato maalumu hata kama faida haikupatikana. Mei 2012 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Miaka mitano tu! Ahadi za pesa zilizidi pesa.

Hapo ndipo nakumbuka mlango wa shirka tuliosoma madrasani. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, shirkatul-abdan, yaani watu kushirikiana kwa kazi zao bila ya mtaji, haisihi. Mahanafi, Mamaliki na Mahanbali wameiruhusu, kila mmoja kwa masharti yake. Sitoi fatwa, hilo waulizeni masheikh. Ninachotaka mkitazame ni ile sababu ya Mashafi: haijulikani kazi ya kila mmoja itazaa nini. Huyu atatoka jasho, yule atakaa, kisha wagawane.

Basi hilohilo ndilo linalovunja ofisi za mawakili mpaka leo. Kuna ofisi zinazogawa faida kwa miaka ya mtu kazini, na kuna zinazogawa kwa pesa alizoingiza. Wewe uliyezoea mjane anayelipa elfu mbili mbili kila mwisho wa mwezi, ukipimwa kwa pesa utaonekana mvivu. Na wala si mvivu! Kwa hivyo kabla ya kuuliza utapata kiasi gani, uliza kinapimwa vipi, na ni nani anashika kipimo. Waombe hesabu za miaka mitatu. Wakisita kukuonyesha, basi posa hiyo ina kasoro.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo zito kuliko yote, na watu hulipita mbio. Una mteja mama mmoja. Mwanawe aliweka nyumba ya familia rehani, deni halikulipwa, benki inataka kuuza, na wewe ndiye unayempigania. Hiyo kampuni inayokuposa ni wakili wa benki ileile. Siku mkiungana mtakuwa ofisi moja, na ofisi moja haiwezi kusimama pande zote mbili. Mmoja lazima aachwe. Mnadhani ataachwa nani, benki au mama?

Ndiyo maana orodha za wateja hulinganishwa kabla ya kutia saini. Majina tu, na watu wa kesi, wala si yaliyomo ndani ya faili. Siri ya mteja ni yake, wewe umewekewa amana tu. Kisha mteja aambiwe mapema, kwa barua na kwa mdomo, kwamba ana hiari ya kuja nawe au kutafuta wakili mwingine. Yeye si kiti cha ofisi cha kuhamishwa na lori. Akiondoka, kortini huwekwa taarifa ya kubadilisha wakili, na pesa zake zilizo kwenye akaunti ya wateja zimfuate, shilingi kwa shilingi. Ikiwa huwezi kumpatia mama yule wakili wa kufaa kabla kesi haijafika tarehe, mimi naona usitie saini mwezi huo. Kampuni inayokutaka kweli itangoja.

Kuna na mizigo isiyoonekana. Wakili akiahidi kwa maandishi, mfano kurudisha hatimiliki au kulipa bei baada ya uhamisho, ahadi ile inamfunga yeye binafsi na Mahakama Kuu inaweza kumlazimisha. Kesi ya uzembe inaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3, na ya kuvunja mkataba ndani ya miaka 6. Kwa hivyo kila upande umwambie mwenzake ahadi zilizo wazi na makosa yanayonukia, na bima ya zamani isikatwe siku ya harusi.

Na karani wako? Sheria hairuhusu wakili kugawana faida na asiye wakili, kwa hivyo hawezi kuwa mshirika hata angekuwa ndiye aliyeshika ofisi yote. Kinga yake ni mkataba tu. Wakisema hawamhitaji, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka apewe taarifa ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Hicho ni kiwango cha chini, ndugu zangu. Mtu wa miaka ishirini mzungumzie nafasi yake mezani, kabla hujazungumzia jina lako litaandikwa wapi.

Ipo pia njia ya katikati, na sijui kwa nini watu huidharau: ofisi ndogo mbili tatu zichange kodi, mashine na karani, zisimamiane mtu akiugua, lakini kila mmoja abaki na wateja wake na hesabu zake. Siri nazo zilindwe, kila mmoja na kabati lake lenye kufuli.

Ukiamua kuungana, basi andikeni yote. Mmeiona aya ya deni katika Suratul Baqara ilivyo ndefu. Andikeni na namna ya kuachana: faili zitarudi kwa nani, jina litatumiwa na nani, na ile nambari ya simu ya ofisi yako ya zamani itabaki kwa nani, maana wateja wa Kwale ndiyo pekee waliyoiandika ukutani.