Ngoma Ghalani: Hotuba ya Katibu juu ya Mafunzo ya Sanaa kwa Watoto na Watu Wazima



Wenzetu waliotangulia kusema wamekwisha kueleza habari za pamba, za mikopo na za malori, nasi hatutazirudia. Sisi tumepewa fungu dogo, ambalo pengine limewekwa mwishoni kwa kuwa wengi huliona ni la mchezo. Tumeagizwa kusema juu ya mafunzo ya sanaa ambayo Chama Kikuu chetu huwapa watoto na watu wazima: ngoma na nyimbo, ufinyanzi, uchongaji na uchoraji. Na kwa kuwa tumeagizwa kusema, yatupasa kusema kweli, hata pale ambapo kweli hiyo haitupambi sisi wa ofisini.

Katika Mkutano Mkuu uliopita mwanachama mmoja, mzee wa heshima ambaye pamba yake haijapata kuitwa fifi hata mara moja, alisimama akauliza, "Hii ngoma mnayoilipia, yaongeza kilo ngapi katika ekari?" Watu walicheka, na baadhi walipiga makofi. Siku ile hatukuwa na jibu; tukasema maneno mengi juu ya utamaduni, yasiyomshibisha mtu. Leo twamjibu kwa adabu: Baba, haiongezi hata kilo moja. Atakaye kilo na apande kwa mistari, apalilie mapema, apige dawa kwa wakati wake. Lakini fedha ya ngoma haikutoka katika fungu la mbegu wala la dawa. Imetoka katika fungu la elimu, na swali la haki ni hili: je, hii ni elimu?

Fungu la elimu katika ushirika si jambo la juzi. Wale wafumaji na mafundi wa mji wa Rochdale, huko Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, hawakukaa miaka mingi kabla ya kuamua kutenga sehemu mbili na nusu katika kila mia ya faida yao kwa ajili ya elimu, wakawa na chumba cha kusomea na maktaba. Nao hawakuwa matajiri. Vyama vya ushirika vya dunia vilipokutana Manchester mwaka 1995 na kuandika upya misingi yao, elimu ilibaki kuwa msingi mmojawapo. Wala hatukuona mahali palipoandikwa kwamba elimu hiyo iwe ya hesabu na vitabu vya stakabadhi tu.

Isitoshe, hapa kwetu Usukuma jembe na ngoma havikupata kuachana. Mtu aliyeona bugobogobo hahitaji kuambiwa. Majembe yale yale ya kulimia ndiyo yarushwayo juu na kudakwa, na mapigo ya ngoma ni mapigo ya kulima. Wazee wetu walilima kwa makundi, na ngoma ndiyo iliyowapangia mwendo, ili hodari asiwakimbie wenziwe wala mzembe asiachwe nyuma akilala. Kisha kuna Bagika na Bagalu, zile jamii mbili za wachezaji zilizokuwapo tangu karne ya 19, ambazo hadithi husema zilitokana na waganga wawili washindani, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno kila upande huvuta watazamaji kwa ujuzi wake, na umati wenyewe ndio mwamuzi: kule watu wanakokimbilia ndiko kwenye ushindi. Hapana kura iliyo wazi kuliko hiyo. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefanya kazi Bujora karibu na Kisesa tangu miaka ya 1950, alitambua kwamba mambo haya yahitaji nyumba ya kuyatunza, na Makumbusho ya Wasukuma yako pale hata leo. Na katika sikukuu ya Bulabo, mwezi wa Juni, ngoma hushindana kama kawaida.

Huenda mtu akasema, "Basi ikiwa ngoma ipo tangu zamani, ya nini kuifundisha?" Zamani haikuhitaji darasa, maana mtoto alilala ubavuni mwa ngoma na kuamka nayo. Siku hizi mtoto huondoka nyumbani kabla jua halijachomoza, akarudi jioni na madaftari. Plau ya ng'ombe na trekta zimechukua kazi ya lile kundi la majembe. Na mzee ajuaye kuwamba ngoma mjukuu wake yuko Mwanza, anaendesha bodaboda. Tulipopewa kazi hii tuliandika katika daftari majina ya mafundi wa kuwamba waliokuwa katika eneo letu, tukapanga kuwatembelea baada ya msimu. Msimu ulipokwisha, fundi wa kwanza katika orodha alikuwa amefariki. Tulikwenda mazikoni na daftari letu mfukoni. Tangu siku ile hatukusubiri tena msimu uishe.

Jambo la pili tulilokosea lilichukua mwaka mzima kutambulika. Tuliwakusanya watoto siku za Jumamosi, tukawafundisha nyimbo mbili, na kila alipokuja mgeni tuliwaita wasimame juani wamwimbie. Wageni walifurahi, sisi pia tulifurahi, maana picha zilikuwa nzuri. Wazazi hawakufurahi. Mmoja mmoja waliwatoa watoto wao, hata Jumamosi moja mwalimu akajikuta peke yake na ngoma zake. Mama mmoja alitwambia bila kuficha, "Mwanangu nilimleta ajifunze, sikumleta awe pambo la ofisi." Tuliona haya. Bodi ikaamuru kwamba watoto wa mafunzo wasiitwe tena kwa ajili ya mgeni yeyote, awe mkubwa namna gani, na ndiyo sababu ninyi wageni wetu hamkuimbiwa leo mlangoni. Mtusamehe.

Sasa watoto hujifunza kwa utaratibu. Aanzaye hupewa kijiti na gogo, si ngoma. Ashike pigo moja bila kulipoteza wakati mwenzake anapiga jingine. Jambo hilo ni gumu kuliko lionekanavyo, na watu wazima wanaotaka wajaribu. Wengine hufinyanga udongo wa mtoni, wengine huchora, na wote hufundishwa kusafisha zana na kuzirudisha mahali pake. Shida yetu kubwa ni mahali penyewe. Ghala huwa tupu wakati watu wako mashambani, na watu wapatapo nafasi ghala limejaa pamba hadi darini! Hivyo nusu ya mwaka mafunzo huwa chini ya mwembe, na mvua ikinyesha huvunjika.

Lakini jambo lililoleta maneno mengi si la watoto. Ni la watu wazima, na hatuwezi kulipita.

Jumapili alasiri, wanachama, wengi wao akina mama, hukutana na ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, ili wajifunze kutunga. Namna yake ni hii. Ningi hutoa habari moja, kila mtu akaleta mstari wake, na wote wakauimba. Jumapili ifuatayo hapana anayeruhusiwa kusoma katika karatasi. Mstari uliosahauliwa na wenzako umekufa, hata uwe mtamu masikioni mwako. Uliokumbukwa ndio unaobaki. Twawaambieni kweli, sisi tuliosoma sekondari tulipoteza mistari mingi kuliko mabibi wasiojua kuandika majina yao.

Katika msimu mmojawapo walitunga wimbo wa gunia lililokonda. Gunia hilo liliondoka nyumbani likiwa nene, likapita njiani likachoka, lilipofika kwenye mizani limekuwa jembamba kama mgonjwa, na karani akaliuliza, "Umekula nini?" Karani mmoja wa kituo kimoja alipousikia alicheka kuliko watu wote. Wiki ya pili hakucheka. Wimbo ulikuwa umefika vituo vinne, watoto wakiuimba wakichunga ng'ombe, na wakulima waliokuwa wakinung'unika kila mtu nyumbani kwake walianza kuulizana kilo zao hadharani. Mizani ya kituo kile ikajaribiwa kwa mawe ya uzito unaojulikana, ikaonekana si ya kweli. Yaliyofuata mwayajua, na fedha iliyorudishwa mwaijua.

Hapo ndipo baadhi ya viongozi wenzetu walipotaka mafunzo yafungwe. Walisema kwamba Chama hakiwezi kununua jiwe la kujipigia. Tukumbuke, ndugu zangu, jinsi ushirika wa pamba ulivyoanza katika nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma waliajiri wapimaji wao wenyewe wasimame kando ya mizani ya wanunuzi, kwa kuwa walichoka kuibiwa. Na kutokana na mwamko huo vyama vikakua, hata ukaundwa ule Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria mwaka 1955. Sisi ni watoto wa mizani ya uongo. Ajabu iliyoje basi kwamba wimbo juu ya mizani utukere sisi!

Tena wimbo ule ulikuwa na sehemu ya pili, ambayo wenye kuushangilia hawakupenda kuirudia: habari za mkulima atiaye mchanga na maji katika pamba yake usiku, akashangaa asubuhi kwamba bei imeshuka. Akina mama hawakumhurumia mtu.

Wako wanaosema, "Tufundishe sanaa iletayo fedha." Hatuwapingi, nasi tunao mfano. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 Dar es Salaam, kwa rangi za kawaida za kung'arisha vitu na vipande vya ubao mwembamba. Hakuingia chuo chochote cha sanaa. Lakini aliwaketisha jamaa zake kando yake akawafundisha, na alipofariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi, mkono wake haukufa. Wanafunzi wake walifundisha wengine, na mwaka 1990 wakaandikisha chama cha ushirika cha wachoraji. Leo picha za namna ile zajulikana duniani kwa jina lake. Angeificha kazi yake kama wafichavyo mafundi wengine, ingezikwa pamoja naye. Hata hivyo, tusiwadanganye wazazi kwamba kila mtoto wa Jumamosi atauza picha kwa watalii. Wengi watakuwa wakulima wa pamba wajuao kushika pigo na kutunga neno, basi.

Mbele ya Mkutano Mkuu ujao yako mapendekezo mawili. La kwanza lataka fungu hili lifutwe, fedha irudi katika ziada. La pili lataka fungu libaki, ila kila wimbo ukaguliwe na ofisi kabla ya kuimbwa. Twajua mtasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kwamba Katibu atetea kazi yake mwenyewe. Na iwe hivyo. Sisi twalipinga pendekezo la kwanza, lakini la pili twalipinga zaidi. Na kama lazima kuchagua moja, afadhali mfute fungu lote, watu waimbe bure chini ya mwembe, kuliko kutukabidhi sisi kalamu ya kufutia mistari yao. Ofisi ina kazi ya kutosha kuhakiki vitabu vyake.

Fedha yenyewe si kubwa: posho ya walimu watatu, udongo, rangi, mbao na ngozi. Hesabu zake zimebandikwa mlangoni pa ofisi, na kila mwanachama ana haki ya kuzisoma au kusomewa.

Mwisho twaleta ombi dogo. Ngoma mbili zimepasuka ngozi, na fundi aliyebaki ameahidi kuziwamba Jumamosi ijayo mbele ya watoto, ili waone kazi tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye ngozi ya ng'ombe iliyokauka vizuri na aifikishe ghalani kabla ya Ijumaa. Mtunza ghala ataipima, naye atampa stakabadhi.